Bwana Samaki wa Ziwa Burigi

Ukucha wa dole gumba la kushoto la Bwana Samaki ulikuwa umejaa mikwaruzo myeupe, kama ubao wa darasani uliofutwa vibaya. Hapo ndipo alipojaribia ndoano. Aliishika kwa vidole viwili, akaiburuza polepole juu ya ukucha. Ikiteleza, aliirudisha kwenye jiwe la kunolea. Ikikwama, alitabasamu na kuichomeka kwenye ukosi wa shati lake. Mashati yake yote yalikuwa na vitundu ukosini, na sisi wanawake wa ofisini tulijifunza kumsalimia bila kumkaribia sana.

"Ndoano isiyokwaruza ukucha ni hereni," alikuwa akisema. "Kamvalishe mkeo."

Jina lake nalijua. Lilikuwa kwenye kila barua niliyomchapia, lakini hakuna aliyelitumia. Biharamulo alikuwepo Bwana Shamba, Bwana Mifugo, Bwana Afya, na yeye. Mimi nilikuwa mpiga chapa, binti wa Kihangaza niliyesomea kwa masista kule Rulenge, na ofisi zetu zilikuwa ndani ya boma la zamani la Mjerumani, juu ya kilima. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni hadi ukadhani boma lenyewe linaelea. Labda ndiyo maana kila nikimkumbuka mtu yule namwona ndani ya ukungu, hata siku ambazo najua kabisa jua lilikuwa kali.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na kila idara ilitakiwa kupeleka maarifa kwa wananchi. Bwana Samaki aliandika ya kwake kwa penseli, nyuma ya fomu zilizokwisha kazi, na mimi nikayachapa kwenye stensili. Mpaka leo naweza kuyasema bila kuyasoma. Fundo la ndoano lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana uzi mkavu hujikata wenyewe. Kila ukivua samaki mmoja, pitisha dhiraa ya mwisho ya mshipi katikati ya vidole. Ukihisi mkwaruzo, kata, usiuonee huruma. Chubwi la kuzamishia mshipi liwe dogo kiasi cha kufika chini, basi. Chubwi zito ni la mvuvi mvivu. Ukitumia samaki mdogo kuwa chambo, mchome nyuma ya pezi la mgongoni, si kichwani, ili aendelee kuogelea. Kambare anapenda sabuni ya magadi kuliko nyama, na usiniulize kwa nini.

Hilo la sabuni lilimletea taabu baadaye, sabuni zilipoadimika madukani. Watu walimwambia, "Bwana Samaki, sisi hatuna ya kuogea, wewe unawapa kambare?" Alijibu kwamba afadhali kambare, wao hawapangi foleni.

Alikuwa na shida ya l na r, kama watu wengi wa huku kwetu, na shida hiyo aliihamishia kwenye penseli. Kwa kawaida nilimrekebishia. Siku moja, nikiwa bado mgeni kazini na nikijivunia kasi ya vidole vyangu, sikusoma nilichokuwa nachapa. Karatasi ikaenda vijiji vyote, Bisibo, Kaniha na kwingineko, ikisema: "Samaki wakubwa hupenda kura alfajiri. Mchana hawana hamu ya kura hata kidogo." Na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi.

Mkubwa wa wilaya alituita wote wawili. Aliiweka karatasi mezani, akaigeuza itutazame.

"Ndugu," alisema taratibu, "hawa samaki wakubwa wasiotaka kupiga kura mchana ni akina nani?"

Bwana Samaki aliinama, akaisoma mara mbili, kidole kikifuata maneno.

"Ni kambare, mzee."

Mkubwa alitutazama mmoja mmoja, akasema tuichape upya, tena tuikusanye ile ya kwanza yote, hata kama imeshafungiwa tumbaku. Tulipotoka, Bwana Samaki aliniambia, "Kosa ni rangu, binti." Nami nilijua kosa lilikuwa letu wote, tena la kwangu kubwa zaidi. Hakuna aliyewahi kusikia kutoka kwake kwamba mpiga chapa hakusoma.

Kwa upande mwingine, mtu huyu mwaminifu aliiba vijiko. Alikuwa akikata kichwa cha kijiko, anakitoboa kwa msumari, anakifunga ndoano mkiani. Kikivutwa majini kinapepesuka na kumetameta kama samaki aliyejeruhiwa, na samaki wanaokula wenzao hawavumilii kukiona. Mama aliyetupikia chai alianza na vijiko kumi na viwili. Vilipobaki vitatu alianza kuvifunga kitambaani na kulala navyo. "Wewe ni mwizi wa serikali," alimwambia mbele yetu. Bwana Samaki alikubali. Jumamosi iliyofuata alimletea sato wanne wakubwa, na yule mama akawapokea, akasema wizi ni wizi tu.

Yeye mwenyewe hakula samaki. Nimemwona kwenye karamu, kwenye matanga, na kule ziwani ambako hakuna kingine cha kula; aliomba maharage. Alipobanwa sana alisema, "Nimeona wanachokula wao."

Aliniambia siwezi kuchapa vizuri kitu nisichokijua, kwa hiyo safari moja akanichukua. Tulikwenda kwa Landrova ya idara mpaka njia ilipokwisha, tukamalizia kwa miguu mpaka kitongoji kimoja cha wavuvi kando ya Burigi. Tulilala kwa mzee mmoja aliyekuwa na mtumbwi mweusi kuliko yote pale ufukweni, mweusi kwa lami na kwa umri. Mke wake alinipa kitanda chake, akalala na watoto. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na urefu wake.

Kulipopambazuka ziwa halikuonekana. Palikuwa na weupe tu, na sauti za ndege ndani yake. Bwana Samaki aliushika mtumbwi mweusi, akaniambia niinue mguu mmoja, niuweke katikati kabisa, niiname, nishike kingo zote mbili ndipo niulete wa pili. "Usisimame kamwe. Anayesimama mtumbwini anaaga." Mke wa yule mzee alicheka ufukweni, kwa kuwa niliingia kwa magoti. Mzee mwenyewe alikaa nyuma na kasia, mimi katikati, Bwana Samaki mbele.

Sijui tulikuwa majini muda gani. Nakumbuka kasia likiingia bila sauti, kwa sababu yule mzee hakuligonga ubavuni hata mara moja. Kugonga, alieleza Bwana Samaki kwa kunong'ona, ni kubisha hodi kwa mtu unayetaka kumkamata. Nakumbuka mayungiyungi yakifunguka kando yetu, na mafunjo yakitokea ukunguni, yakisimama, yakipotea tena, kana kwamba yenyewe ndiyo yaliyokuwa safarini. Alinionyesha mahali ambapo kijito kinaingia ziwani. Pale mvua ikinyesha wadudu huletwa na maji, samaki wadogo huja kwa ajili ya wadudu, na wakubwa husubiri kivulini mwa mafunjo. "Usitafute samaki," alininong'oneza. "Tafuta njaa yake." Alinionyesha pia pale viboko wanapopandia malishoni. Njia ile haikatizwi asubuhi, maana kiboko anayerudi majini hana subira na mtu aliye katikati.

Halafu alirusha kijiko. Kilianguka penye kivuli, akakiacha kizame kwa kuhesabu hadi nne, akaanza kukivuta: kidogo, akatulia, kidogo, akatulia. Sikuona kitu. Niliona tu mkono wake ukisimama na uzi ukichora mstari kwenye maji, ukielekea tusikotaka. Hakuvuta kwa nguvu. Alimpa uzi, akamnyang'anya, akampa. Kambare aliyetokea alikuwa na urefu wa mkono wangu, na uso wa mzee aliyeamshwa mapema.

Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza kama anajua kuogelea.

"Sijui."

"Sasa mzee, ukianguka?"

"Ndiyo maana sianguki."

Mwenye mtumbwi alicheka mpaka tukayumba. Nilidhani ni utani. Haukuwa utani.

Kisha ikaja ile operesheni ya kuwahamishia watu vijijini. Waliokaa mbali na barabara walitakiwa wasogee, wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Mengine yalikuja kweli, mengine tuliyasubiri. Kitongoji kile cha ziwani kilipangiwa kijiji kipya upande wa Bisibo, kwenye ardhi nzuri ya mihogo, ambako ziwa halionekani wala kunusika. Maofisa wote waligawiwa maeneo. Bwana Samaki alipewa wavuvi, kwa kuwa aliwajua.

Alikwenda. Hili silifichi, na yeye hakulificha. Alisimama na karatasi mkononi, akaita majina, na watu waliokuwa wamemlaza na kumlisha maharage wakapanda lori na kuku wao. Mwenye mtumbwi mweusi alikaa ndani ya mtumbwi wake, nchi kavu, hakushuka. Bwana Samaki alimwendea, akachuchumaa kando yake muda mrefu. Mwishowe mzee alitoka. Walioshuhudia walisema aliinuka bila kushika kingo.

Amri nyingine ilikuwa kwamba mitumbwi iharibiwe, watu wasije wakarudi. Siku ya tatu Bwana Samaki alileta taarifa yake niichape. Ilikuwa mstari mmoja: "Mitumbwi yote kumi na saba imezamishwa."

Nikamwambia amri ilisema ichomwe moto.

"Chapa nirivyoandika, binti."

Nilichapa. Katikati ya kuchapa nikakumbuka maelekezo yake mwenyewe juu ya mtumbwi usiotumika: usiuache juani utapasuka, ujaze mawe, uulaze chini ya maji yanayofika kiunoni, ndani ya matete, mti unywe. Niliinua macho. Alikuwa dirishani, akitazama bondeni. Nilimaliza mstari, nikagonga muhuri, na kwa miaka kadhaa hatukulizungumza.

Katika miaka hiyo alizunguka vijiji akifundisha kuchimba mabwawa ya samaki, kazi aliyoifanya vizuri bila kuipenda. Kule kijiji kipya walimpokea kwa adabu. Walimpa kigoda, wakamwamkia "shikamoo" au wakamwitikia "marahaba" kwa kadiri ya umri, wakachimba alipowaambia wachimbe. Hakuna aliyemwuliza habari za ziwa, naye asingeweza kuwaambia, maana siri ya watu kumi na saba si siri.

Vita vilipokuja, kwetu vilikuja kwanza kama malori. Yalipita usiku na mchana yakielekea kaskazini. Redio ofisini haikuzimwa. Daraja la kule Kagera lilikuwa limevunjwa, na ikaulizwa wilaya kwa wilaya: nani ana vyombo vya majini? Mkubwa wetu alimwita Bwana Samaki, nami nilikuwemo chumbani nikiandika majibu.

"Sisi hatuna kitu," mkubwa alisema. "Vyote viliharibiwa. Chapa hivyo."

"Viko, mzee," alisema Bwana Samaki.

Alieleza viko wapi na vimekaaje, bila kupunguza wala kujitetea. Mkubwa alifungua droo, akaifunga. Alimwambia kwamba siku nyingine yoyote angemfunga.

Bwana Samaki alikwenda kijiji kipya kuwaambia wenyewe. Alirudi na wanaume kumi na saba, kwa sababu mwenye mtumbwi mweusi alikuwa amesimama mbele ya wenzake na kusema chombo cha mtu hakiendi vitani peke yake. Waliitoa mitumbwi matopeni, wakiondoa jiwe moja moja. Niliiona ilipopita Biharamulo juu ya malori, ikichuruzika maji, na kijani cha ziwa kikiwa bado kimeishika. Wenye nayo walikuwa wamekaa ndani yake, kila mmoja na kasia magotini, kama vile wanavuka mji. Bwana Samaki alikuwa ndani ya ule mweusi, mbele, akiwa amevaa kofia yake ya kazi. Niliwapungia mkono. Mwenye mtumbwi aliniinulia kasia.

Bwana Samaki alirudi baada ya miezi mingi. Mitumbwi haikurudi. Wanaume kumi na sita walirudi.

Alichelewa kuripoti kazini siku nne, ingawa watu walishamwona akishuka lorini. Nilichapa barua ya onyo, akaisaini, akairudisha, hakutoa sababu. Ukosi wake haukuwa na ndoano tena. Aliomba apangwe kule ziwani, kwenye kambi ndogo ya uvuvi iliyoruhusiwa baada ya vita, na watu wachache wakaanza kurudi huko kimyakimya, mmoja mmoja, kama maji yanayorudi kisimani. Mimi niliolewa, nikarudi kwetu Rulenge. Sikumwona tena kwa muda mrefu, na katika muda huo nilimwota mara nyingi kuliko nilivyomwota marehemu baba yangu. Ndotoni alikuwa daima mbele ya mtumbwi, amenipa mgongo.

Siku niliyomwona tena, nilikuwa nimempeleka mama mkwe hospitali ya misheni. Barazani, kwenye kitanda cha magurudumu, alilala mzee aliyekonda, tumbo limevimba, macho yamefumba. Nilimjua kwa ukucha. Kando yake alikaa mwanamke mrefu akimpepea kwa ukingo wa kanga, na yule nilimjua kwa sauti aliponiitikia shikamoo yangu. Alikuwa mjane wa mwenye mtumbwi mweusi.

Nitangulie kusema kwamba Bwana Samaki alipona, ili msomaji asinisubiri hapo. Walimpasua siku ileile, akaishi. Ninachotaka kusimulia ni ile saa tuliyokaa tukingoja chumba kiandaliwe.

Nilimwuliza mama yule imekuwaje awe yeye anayemuuguza. Alijibu akiendelea kupepea.

"Siku aliposhuka kwenye lori la vita hakwenda kwake. Alikuja kwangu kwa miguu. Wengine walirudi wakapita mbali na nyumba yangu, walishindwa kunitazama. Yeye alisimama uani akaniambia yote. Mto ulikuwa mwekundu kwa mvua. Gogo lilikuja na maji, likawapiga ubavuni, wakapinduka. Yeye hajui kuogelea. Mume wangu alimshika shati, akamwekea mikono juu ya mtumbwi, akamwambia shika hapa. Kisha akarudi kumfuata askari mmoja, kijana. Hawakuonekana tena, mume wangu wala yule kijana."

"Pole, mama."

"Nilimfukuza. Hakuondoka. Alikaa siku nne, akinipalilia maharage, analala nje. Sikumpa maji. Watoto walimpa kwa siri, nami nilijua." Alibadilisha mkono wa kupepea. "Nilimwita muuaji. Si kisogoni, mbele yake. Niliporudi ziwani nikamkuta yuko kule, nikamwita hivyo tena, miaka mitatu. Alikuwa anaitika."

"Na sasa?"

"Watoto walitaka kula. Hakuna aliyekuwa tayari kumfundisha mwanamke ndoano. Yeye alikuja kila asubuhi, anakaa hatua kumi kutoka kwangu, anafunga uzi polepole ili nione, anaongea kama anayeongea na maji. Sikuwa namjibu. Lakini nilikuwa nasikiliza."

Muuguzi alitokea na fomu. Alihitaji ndugu wa mgonjwa aweke saini, na watu wa kwao Bwana Samaki walikuwa mbali. Nikamwambia mama nitamwandikia jina lake. Alikataa. Alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima, akaandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa zilizoegemeana, na tulimsubiri.

"Hapa panataka uhusiano," alisema muuguzi. "Wewe ni nani wake?"

Mama alimtazama yule mzee kitandani, kisha karatasi.

"Andika ndugu."

Muuguzi alikuwa msichana mwangalifu. "Ndugu wa damu, mama? Au ndugu tu, kama tunavyoitana wote?"

"Andika ndugu, mwanangu. Lile neno jingine nimelibeba miaka, limenichosha."

Muuguzi akaandika. Walimsukuma Bwana Samaki ndani, mlango ukafungwa. Mimi nilirudi kwenye benchi, nikamwachia nafasi, lakini mama hakuja kukaa. Alisimama palepale mlangoni, karibu mno, paji la uso likigusa ubao, kama wanavyosimama watu waliomleta mtu wao.